Kupima Tofauti: Historia ya Vielezi vya Kiingereza katika Ulinganishi wa Kiasi na Kiwango

1.0 Utangulizi

Katika masahihisho ya insha za Kiingereza, tungo "very better", "more better" na "less books" huwekewa alama ileile ya wino mwekundu. Kwa macho ya msahihishaji, zote tatu ni makosa ya sarufi na zote zina uzito mmoja. Insha hii inadai kwamba tungo hizi hazina asili moja. Ya kwanza inavunja mpaka uliojengeka ndani ya lugha yenyewe bila kuamriwa na mtu. Ya pili iliwahi kuhesabiwa kuwa pambo la ufasaha kabla ya kupigwa marufuku. Ya tatu inavunja kanuni iliyoanza kama pendekezo la mwandishi mmoja. Asipotofautisha asili hizi, mwalimu atafundisha historia kana kwamba ni mantiki, naye mtafiti atazisoma matini za kale kana kwamba waandishi wake hawakuijua lugha yao.

2.0 Mpaka kati ya "very" na "much"

Katika Kiingereza cha Kale, sifa ililinganishwa kwa kiambishi tamati, asili ya "-er" na "-est" za leo. Msemaji alipotaka kueleza ukubwa wa tofauti kati ya vitu viwili, alitumia neno "micle", lililotokana na "micel", yaani "kubwa" au "-ingi". Umbo hilo lilibeba maana ya "kwa kiasi kikubwa". Kwa hiyo, tangu mwanzo, kielezi kilichotangulia ulinganishi kilikuwa kipimo cha tofauti: kilijibu swali la "kwa kiasi gani?" Kutokana na "micel" ndipo tulipopata "much" ya leo.

Ushahidi mwingine umejificha katika tungo za aina ya "the more, the better". Neno "the" katika tungo hizo si kibainishi cha kawaida. Ni mabaki ya umbo la kale la kionyeshi lililokuwa na maana ya "kwa kiasi hicho". Mfumo wa uhusika uliolizaa umbo hilo umekwisha kupotea, lakini kazi yake ya kupima ulinganishi imebaki, nayo inaonekana pia ndani ya neno "nevertheless".

Kukoleza sifa isiyolinganishwa kulikuwa kazi ya maneno mengine. Kiingereza cha Kale kilitumia zaidi "swithe", ambalo asili yake ni "kwa nguvu". Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika lugha, na miongoni mwao ni "verrai", lenye maana ya "-a kweli". Neno hilo lilianza kama kivumishi, na kufikia karne ya 15 lilikuwa limezoeleka pia kama kielezi cha kukoleza. Hii ndiyo "very" ya leo.

Historia hiyo inaeleza kwa nini "much better" inakubalika na "very better" haikubaliki. Ulinganishi huonyesha pengo kati ya alama mbili za kipimo, na pengo ni kiasi. Hupimwa kwa maneno ya kiasi kama "much" na "a little", kwa neno la umbali kama "far", au kwa vipimo halisi kama inchi mbili. "Very" halikuzaliwa kupima pengo. Lilizaliwa kuthibitisha kwamba sifa ipo kwa kweli, kisha likawa la kuipandisha daraja. Hata katika "the very best", ambapo tunalikuta kando ya umbo la upeo, bado linasikika kwa maana yake ya zamani: lililo bora hasa.

Njia hiyo ya kupima pengo kwa maneno ya kiasi haikufungwa katika karne za kale. Nomino "deal" ilimaanisha sehemu, na "lot" ilikuwa kura, kisha fungu lililopatikana kwa kura. Baadaye zote mbili zikawa vipimo vya kiasi, na leo tunasema "a great deal better" na "a lot better". Maneno mapya yaliyoingia kazini yamefuata mpaka uleule, ingawa hakuna mwanasarufi aliyeuchora.

3.0 Idadi na ujazo: "mo", "more", "less" na "fewer"

Kiingereza cha Kati kilikuwa na maneno mawili mahali ambapo leo lipo moja. "Mo" lilitumika zaidi kwa vitu vinavyohesabika, na "more" kwa ukubwa au ujazo. Umbo "moe" bado linaonekana katika Biblia ya King James iliyochapwa mwaka 1611 na katika matoleo ya awali ya Shakespeare. Baadaye lilitoweka, na "more" likachukua kazi zote mbili.

Hata hivyo, tofauti ya idadi na ujazo haikufutika. Ilibaki katika neno linalotangulia ulinganishi: "many more" kwa vitabu, "much more" kwa maji. Mzigo uliokuwa umebebwa na maneno mawili sasa umeachiwa kipimo peke yake.

Upande wa upungufu ulifuata njia nyingine. "Less" lilitumika kwa vinavyohesabika tangu enzi ya Mfalme Alfred, mwishoni mwa karne ya 9, na matumizi hayo yaliendelea kwa karne nyingi. Mwaka 1770 Robert Baker alichapisha maoni yake kuhusu lugha ya Kiingereza, na humo akapendekeza kwamba "fewer" lingefaa kuliko "less" panapohusika idadi. Alilieleza jambo hilo kama upendeleo wake. Waliomfuata waliligeuza kuwa sheria. Ni kinaya kwamba lugha ilipokuwa imeacha tofauti hiyo upande wa wingi, wanasarufi walianza kuidai upande wa upungufu.

4.0 Ulinganishi maradufu

Kuanzia karne ya 13, ulinganishi kwa "more" na "most" ulienea kando ya ule wa viambishi. Mifumo hiyo miwili ilipokutana, wasemaji waliitumia pamoja ili kukoleza maana, na Shakespeare ni mmoja wa walioitumia hivyo. Katika tungo kama "more better", neno "more" halikuwa lazima likitie kivumishi katika ulinganishi. Lingeweza kuutilia nguvu ulinganishi uliokwisha kufanyika.

Ben Jonson, katika sarufi yake iliyochapwa mwaka 1640, miaka mitatu baada ya kifo chake, aliisifu njia hiyo kuwa ni ufasaha wa Kiingereza unaofanana na ule wa Wagiriki wa kale. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi na msomi aliyekuja kuwa Askofu wa London, aliikataa katika sarufi yake. Hata hivyo, aliisamehe "most highest" ya Zaburi, kwa hoja kwamba Mungu yu juu kuliko walio juu kabisa. Mwaka 1795 Lindley Murray alichapisha sarufi iliyochota mengi kwa Lowth, nayo ikaenea mno mashuleni.

Lugha yenyewe haikutii kikamilifu. "Lesser" ni "less" iliyoongezewa alama ya pili ya ulinganishi. Samuel Johnson aliilaani katika kamusi yake ya mwaka 1755, lakini bado inatumika. "Nearer" nayo imejengwa juu ya "near", neno ambalo lenyewe lilikuwa ulinganishi wa "nigh".

5.0 Msomaji wa Kiswahili

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, historia hii ina faida ya moja kwa moja. Neno "sana" hufanya kazi pande zote mbili za mpaka tuliouona: husemwa "mrefu sana", na husemwa pia "amemzidi sana". Anayehamisha "sana" kuwa "very" kila mahali ataandika "very taller" bila kuhisi kasoro. "Zaidi" nalo hutumika kwa vitabu na kwa maji, kama "more" ya leo. Lakini katika upungufu, kwa kawaida tunasema "vitabu vichache zaidi" na "maji kidogo zaidi", tofauti ileile aliyoipendekeza Baker.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba makosa matatu yanayosahihishwa kwa wino mmoja yana asili tatu. Hoja hii haimwondolei mwanafunzi wajibu wa kuandika Kiingereza sanifu, kwa kuwa mapatano ya jamii ni sheria hata yanapokuwa machanga. Inachodai ni maelezo ya haki. Anayeandika "very better" afundishwe namna lugha inavyopima tofauti. Anayeandika "more better" aambiwe kwamba utungo wake uliwahi kusifiwa, na kwamba uliondolewa katika usanifu kwa uamuzi wa watu ambao majina na miaka yao tunaijua. Anayeandika "less books" aelezwe kwamba kanuni inayomhukumu ina umri mdogo kuliko matumizi yake.