Chukua Vyombo Vyako: Neno la Jikoni na Haki ya Mwanamke



Sisi wa visiwani tukisikia chombo kimetweka, tunajua ni jahazi au mashua. Huku Lushoto, juu ya milima ya Usambara, neno hilohilo ni sufuria, sahani, beseni na ndoo. Pwani na milima hii zilijuana zamani. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa katika karne ya 19, alikaa Vugha na utawala wake ulifika hadi Pangani. Kule majahazi, huku vyungu, na vyote ni vyombo, maana chombo ni kile kinachombebea au kumfanyia mtu kazi yake. Baadaye neno likapanda cheo: vyombo vya moto, vyombo vya habari, vyombo vya dola.

Kwetu wanawake lilibaki jikoni. Bibi harusi hutunzwa vyombo, na ndoa ikivunjika huambiwa, "Chukua vyombo vyako uende kwenu." Shamba alilolima na nyumba aliyosaidia kujenga havitajwi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, iliipa mahakama ya Bara uwezo wa kugawa mali waliyochuma mume na mke kwa pamoja. Watu wakauliza: aliyekaa nyumbani akipika, akifua na kulea, amechuma nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilijibu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwishapewa na mumewe zilitosha kuwa fungu lake. Lakini wanawake waliokuja nyuma yake walipata pa kusimamia.

Na dini yetu ilitangulia mbali. Suratun Nisaa inaamrisha mwanamke apewe mahari yake, na inamtambulia fungu katika mirathi na katika alichokichuma.

Basi dada, ukinunua cherehani, friji au jiko la gesi, tunza risiti yenye jina lako. Mkinunua kiwanja pamoja, jina lako nalo liandikwe. Na binti akiolewa, tumtunze masufuria kwa vigelegele, kisha tumkalishe chini tumweleze kwamba mali yake haiishii kwenye kabati la vyombo.