Fildi ya ustawi wa jamii: Kwa nini Pemba ni darasa gumu?

Darasani, somo la kutunza siri ni jepesi. Lakini ukienda fildi Pemba, mtu wa kwanza kukaa mbele yako huenda akawa shangazi yako, au jirani uliyesoma naye chuoni kwa maalim. Hapo ndipo somo linapoanza.

Fildi ni nini?
Ni mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii hutoka chuoni, akafanya kazi halisi chini ya msimamizi. Siyo kwenda kusaini daftari la mahudhurio tu.

Mtu hujifunzaje kwa kutenda?
Mwaka 1984, Mmarekani David Kolb alieleza hatua nne: kutenda, kutafakari, kupata funzo, kisha kujaribu tena.

Chukua mfano wa Pensheni Jamii, ambayo Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Mwanafunzi anamtembelea bibi, anaambiwa pesa inafika, anaandika "hakuna tatizo". Jioni msimamizi anamuuliza: "Nani humchukulia? Na wakati unamuuliza, mjukuu alikuwa amekaa wapi?" Kumbe alikuwa pembeni yake. Kesho atarudi, na safari hii atazungumza na bibi peke yake.

Bila swali lile la jioni, fildi ingekuwa matembezi tu.

Ugumu wa Pemba uko wapi?
Uko kwenye muhali. Katika kesi za udhalilishaji, familia nyingi huona haya kumshitaki ndugu au jirani, wakataka yaishe nyumbani. Mwanafunzi naye ni mtoto wa kisiwa hichohicho. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamlinda mtoto, lakini neno moja likivuja barazani linatosha kumfanya mtoto akatae kusema tena.

Ufanye nini ukiwa fildi?
- Ukimjua mteja, mwambie msimamizi mapema, jalada apewe mwengine.
- Ukiingia shehia na sheha, kumbuka majirani wanaona mnaingia nyumba gani.
- Usimpige mteja picha kwa simu yako, wala usimsimulie kwenye grupu la WhatsApp.
- Kila jioni andika ulichofanya na ulichokosea, lakini jina la mteja liache.

Mtihani wa chuo ukifeli, utarudia. Siri ya mtu ikishatoka, hairudi.