Ulemavu wa Muda na Ulemavu wa Daima

Siku moja alinijia hapa Chimwaga fundi mwashi, kijana wa makamo, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Baada ya kuamkiana alinipa karatasi akasema, "Mwalimu, naomba unisomee. Kusoma najua, lakini hii imenishinda." Mashine ya kukatia nondo ilikuwa imemchukulia vidole viwili katika jengo moja la mjini. Mkandarasi wake alikuwa amempa fedha kidogo, naye akatakiwa atie sahihi kwamba amelipwa kwa ajili ya "ulemavu wa muda" wala hana dai jingine. Nilipomsomea maneno hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wa muda? Kwani vidole vitaota?"

Swali lile lilinirudisha vitabuni, maana mgawanyo huu wa muda na daima haukuanzia katika karatasi ya mkandarasi. Una umri wa zaidi ya karne, una kwao, na kwao ni katika nchi ileile iliyojenga reli ya kwanza kupita Ugogo.

Mwaka 1883 Ujerumani, chini ya Bismarck, ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi. Mwaka uliofuata ikatunga ya ajali kazini, na mwaka 1889 ikatunga ya uzee na kutojiweza. Sheria hizo zilifungamana. Mtu alipoumia kiwandani, majuma 13 ya kwanza alikuwa mikononi mwa mfuko wa ugonjwa, ambao aliuchangia yeye mwenyewe na mwajiri wake. Jeraha lisipopona katika muda huo, mzigo ulihamia kwenye mfuko wa ajali uliochangiwa na waajiri peke yao, nao ulimlipa asiyeweza kazi kabisa theluthi mbili za mshahara wake. Basi mpaka uliwekwa kwenye juma la 13: upande huu maradhi, upande ule kilema. Mpaka huo haukukusudiwa kumnyima mtu kitu. Ulikuwa ni mlango wa kupitia kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, ili asibaki nje hata siku moja. Bismarck hakuyafanya haya kwa huruma tupu, kwani alikuwa akishindana na wasoshalisti waliokuwa wakiwavuta wafanyakazi, lakini sheria nzuri si lazima izaliwe na nia safi.

Ilipofika mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Dodoma, ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikagusa maji ya Tanganyika pale Kigoma. Anayeshuka leo kutoka kilima cha Chimwaga kwenda mjini huikuta stesheni iliyozaa mji wenyewe. Tuta la reli hiyo lilibebwa kwa vichwa na mabega ya Wanyamwezi, Wagogo na wengineo, na miamba ilipasuliwa kwa baruti. Lakini bima ya mwaka 1884 haikuvuka bahari kumfikia mchimbaji mweusi. Serikali iliyokuwa ya kwanza duniani kukiri kwamba mkono wa mfanyakazi una thamani hata baada ya kukatika, ilikiri hivyo kwao tu. Huku mtu aliyevunjika alirudishwa kijijini.

Na kijijini alirudi kwa nani? Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa waandishi wengi hupapita mbio. Mgogo mwenye mifugo hakuiweka yote zizini mwake. Aliigawa kwa ndugu, wakwe na marafiki walioishi mbali, wakaitunza na kunywa maziwa yake, ng'ombe wenyewe wakibaki kuwa wa mwenyewe. Maradhi ya mifugo au ukame ukishika upande mmoja, upande wa pili ulisalia. Aliyepooza au kupofuka alikula kutokana na uhusiano huo, wala hakuna aliyemwuliza kama ulemavu wake ni wa muda au wa daima. Ulikuwa mfuko usio na daftari. Udhaifu wake ni kwamba ulitegemea watu wote wasipatwe na janga kwa wakati mmoja. Vita Vikuu vya Kwanza vilipopora chakula, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo, kisha mvua ikakosekana, ikaja njaa kuu ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya. Hapo kila zizi lilikuwa tupu, na aliyeazimisha hakuwa na wa kumdai.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walileta Kongwa, katika mkoa huuhuu, mpango wa karanga wa mwaka 1947. Walikusudia kulima ekari milioni 3 na zaidi kwa mitambo, mingine ikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mpango ulikufa mwaka 1951, na mamilioni ya pauni yakapotea. Karanga zimeandikiwa vitabu vingi. Watu waliosimama karibu na minyororo ile iliyong'oa mibuyu wameandikiwa vichache. Mwaka huohuo wa 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulifuata reli hadi bara, na Kongwa nayo ikatikisika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Tanganyika ikapata sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo baadaye iliwekwa katika vitabu kama Sura ya 263.

Sheria hiyo ilikuwa hatua kubwa. Mwajiri alibanwa amlipe aliyeumia akiwa kazini. Lakini tulitazame jina lake. Fidia ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kile kitolewacho ili kukomboa. Mwenye kutoa fidia hutoa mara moja, akaenda zake huru. Aliyekombolewa hapa, nathubutu kusema, alikuwa mwajiri: alilipa kiasi cha kiungo, na shauri likaisha, ingawa kiungo hakikurudi. Tena deni lilikuwa la mwajiri mmoja mmoja. Akifilisika au akihama, dai lilihama naye.

Kilichokuja kuitia sheria hiyo aibu ni hesabu. Iliweka kikomo cha malipo kwa shilingi, na kikomo hicho kikabaki huku thamani ya shilingi ikiporomoka mwaka hadi mwaka. Hadi kuingia karne hii, kiasi cha juu kwa aliyelemaa daima kilikuwa shilingi 108,000, na kwa warithi wa aliyekufa shilingi 83,000. Wanafunzi wangu huwasomea tarakimu hizi, wakadhani nimeruka sifuri moja au mbili. Sikuruka. Sheria iliyokuwa hai katika vitabu ilikuwa imekufa mfukoni, na bunge baada ya bunge liliipita kama mtu apitavyo kaburi la asiye wake.

Kando yake lilikua jambo la pili. Mwaka 1964 ulianzishwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ambao kwa sheria ya mwaka 1997 uligeuzwa kuwa NSSF, wenye kulipa pensheni, ikiwamo ya mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au kilema. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa PSSSF. Hii haiulizi kama uliumia kiwandani au ulianguka kutoka mwembe wa nyumbani kwako. Yauliza umechangia muda gani.

Sheria ya kuirithi Sura ya 263 ilitungwa mwaka 2008, na mfuko wake wa fidia, WCF, ukaanza kazi Tanzania Bara Julai mwaka 2015. Waajiri wote huchangia chungu kimoja. Jina lingali fidia, lakini kilichomo ni bima, na humo ndimo alimo fundi wangu. Aliyeumia hulipwa kwanza asilimia 70 ya mshahara wake kwa wakati asioweza kufanya kazi, kwa muda usiozidi miezi 24. Huo ndio ulemavu wa muda: si habari ya vidole, ni habari ya siku za kuuguza jeraha. Jeraha likitulia, daktari hupima kilichopotea na kukitaja kwa asilimia. Kisichozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, na kinachozidi hapo hulipwa kila mwezi. Kwa hiyo karatasi ya mkandarasi haikusema uongo mtupu. Ilisema sura ya kwanza ya kitabu, ikafunga kitabu.

Kwa anayeugua bila ajali ya kazini upo ufa mwingine. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Siku ya 127 mwajiri hadaiwi mshahara, na anaweza kuanza taratibu za kumwachisha kazi kwa kutojiweza, wakati pensheni ya NSSF bado ingali katika mafaili na vyeti vya madaktari. Juma la 13 la Wajerumani lilikuwa na mlango. Siku yetu ya 126 mara nyingi ina ukuta, na anayeugonga hurudi kwa ndugu zake, ambao siku hizi hawana ng'ombe wa kugawana.

Fundi yule nilimweleza haya kwa urefu kuliko alivyotaka. Aliposikia kwamba dai la mfuko wa fidia hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, alianza kuhesabu kwa mkono wa kushoto, kidole kwa kidole, akavimaliza vitano, akauleta ule mkono mwingine akaendelea. Ulikuwa mwezi wa nane. Karatasi alikuwa hajaitia sahihi, kwa kuwa kalamu ilikuwa haijakubali kukaa mkononi.