Askofu Juu ya Paa

Wewe uliyeombwa kuongoza ushirika wa nyumbani ukajibu, "Mchungaji, mimi ni mwoga, tafuta mwingine," soma hii historia ya kwetu.

Mwaka 1975 David Gitari, mzaliwa wa Ngiriambu, Kirinyaga, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki. Embu na Meru zote zilikuwa chini yake. (Ndiyo, alikuwa Mwanglikana. Tulia usome.) Watu walipopigishwa kura ya mlolongo mwaka 1988, alikemea wizi ule waziwazi.

Aprili 1989 genge likavamia nyumba yake usiku. Je, alisimama mlangoni akawakemea kwa jina la Yesu? La. Alipanda juu ya paa, akapiga mayowe mpaka majirani wakaja.

Umeona? Mtumishi wa Mungu alikimbia, na wito ukabaki wake. Hata Musa hakubadilishiwa ule ulimi mzito ndipo atumwe, alipewa Haruni. Gitari aliendelea kusema, na mwaka 1997 akawa askofu mkuu wa Waanglikana Kenya.

Kwa hiyo tafuta dada mmoja aketi kando yako. Ijumaa tunakungoja.