Amri Zilizoandikwa Mapema: Uhamishaji wa Faili na Mpaka wa Tunduma

Historia ya mawasiliano ya kompyuta mpakani Tunduma haielezeki kwa ukosefu wa programu. Itifaki ya kuhamisha faili, FTP, ilipendekezwa na Abhay Bhushan mwezi Aprili 1971, ilhali reli ya TAZARA bado ilikuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam. Mtumiaji aliandika amri moja baada ya nyingine: fungua seva, jitambulishe, peleka faili, funga. Hatua yenye uzito zaidi ilikuwa kuziandika amri hizohizo mapema katika skripti, kompyuta ikazitekeleza usiku pasipo karani kukaa mbele yake. Hata hivyo, skripti haina macho. Laini ikikatika, nusu ya faili huweza kubaki upande wa pili ikidhaniwa ni shehena kamili, isipokuwa mwandishi wake ameiagiza ikague jibu la seva, ijaribu tena na kutunza kumbukumbu. Aidha, FTP ilipeleka nywila waziwazi, kasoro iliyowafanya wengi wahamie SFTP.

Kilichochelewa Tunduma ni njia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ndio ulioiunganisha Tanzania na Zambia mpakani hapo. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019. Maofisa wa nchi mbili walianza kufanya kazi pamoja, lakini taarifa za lori lilelile ziliingizwa katika TANCIS upande wa Tanzania na ASYCUDA World upande wa Zambia.