Waarabu si Mmoja: Misri, Libya na Saudia Zilivyoonekana Kutoka Jinja na Mbale

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha historia kwa Kiswahili katika mashariki ya Uganda anajua jinsi neno "Mwarabu" linavyotusumbua darasani. Katika vitabu vingi Mwarabu ni mtu mmoja: amevaa kanzu, ametoka pwani, ananunua pembe za ndovu na watumwa, kisha anatoweka Waingereza wanapoingia. Mwanafunzi akisoma baadaye kwamba mwaka 1972 Uganda ilifanya urafiki na "nchi za Kiarabu", humjia akilini mtu yule yule wa kanzu. Yafaa tumwonyeshe kwamba watu wakaao baina ya Jinja na mlima Wanale hawakukutana na Mwarabu wa namna hiyo peke yake. Walikutana na madola, na madola hayo yalitofautiana kwa mvuto, kwa utamaduni, na kwa namna yalivyopanga dini na siasa.

Kwanza tukumbuke jambo ambalo vitabu hulipita mbio. Uarabu uliotikisa Busoga mwishoni mwa karne ya 19 ulitoka kaskazini, si pwani. Emin Pasha alikuwa gavana wa Khedive wa Misri katika jimbo la Ikweta. Alipoondoka, askari wake wa Kisudani waliosalia walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 wakatumikishwa Uganda. Mwaka 1897 baadhi ya askari wa Kisudani waliasi, wakaishika ngome ya Luba katika Busoga, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Wengi wao hawakuwa Waarabu kwa nasaba. Walikuwa watu wa Sudan ya kusini walioingizwa jeshini, wakasilimu, wakazoea Kiarabu cha kambini. Wazao wao ndio Wanubi, na Kiarabu hicho ndicho kilichozaa Kinubi cha leo. Basi Misri ilifika kwetu kwanza ikiwa imeshika bunduki, mikononi mwa watu ambao wenyewe walikuwa wamechukuliwa na Misri kwa nguvu.

Mara ya pili Misri ilikuja na vipimo vya maji. Maafikiano ya mwaka 1929 yalikuwa yamekwisha kuipa haki ya kukataa ujenzi wowote juu ya Nile, katika nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza, ambao ungepunguza maji yake. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilipotaka kujenga bwawa la umeme pale Owen Falls, Jinja, haikuweza kufanya hivyo bila kuzungumza na Cairo. Barua za maafikiano zilianza mwaka 1949. Misri ilikubali kugharimia ongezeko la kimo cha bwawa ili ziwa lote liwe ghala la maji, na kuilipa Bodi ya Umeme ya Uganda pauni 980,000 kwa umeme ambao ungepotea kwa sababu hiyo. Tena ikapewa haki ya kumweka Jinja mhandisi wake pamoja na wasaidizi wake, waangalie maji yanayotoka. Malkia Elizabeth alilifungua bwawa mwezi Aprili 1954. Maafikiano yalikuwa yameanzwa na serikali ya Mfalme Farouk. Bwawa lilipofunguliwa mfalme alikwisha pinduliwa na wanajeshi, na Gamal Abdel Nasser alikuwa akishika uwaziri mkuu. Mfalme aliondoka, maafikiano ya Jinja yakabaki. Sijui somo lililo bora kuliko hilo la kumweleza mwanafunzi tofauti baina ya serikali na dola.

Misri ya Nasser ilikuwa na mvuto wa ajabu, na mvuto huo si rahisi kuueleza. Kwa Mwislamu wa Busoga au Bugisu, Cairo ilikuwa mji wa Al-Azhar, chemchemi ya elimu ya dini tangu karne ya 10. Kwa mpigania uhuru, hata asiyejua herufi moja ya Kiarabu, Cairo ilikuwa mji wa redio iliyotangaza kwa Kiswahili, na mji uliowapa wanasiasa wa Afrika ofisi. John Kale wa Uganda National Congress alifanya kazi huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini dola hiyo iliyowavuta wacha Mungu iliendeshwa na watu walioitia dini chini ya mkono wa serikali. Nasser alikipiga marufuku chama cha Ndugu Waislamu mwaka 1954. Mahakama za Sharia ziliunganishwa na mahakama za taifa kuanzia mwaka 1956. Na sheria ya mwaka 1961 ilikifanya Chuo cha Al-Azhar kuwa chombo cha serikali, kikafunguliwa vitivo vya utabibu, uhandisi na kilimo. Mwanafunzi wetu aliyekwenda kutafuta fikihi aliikuta imepakana na udaktari.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu mambo yalikuwa kinyume. Dola ya Saudia ilijengwa juu ya mapatano ya ukoo wa watawala na wanazuoni yaliyoanza mwaka 1744, wala haikudai kutenga dini na siasa. Mvuto wake haukuhitaji redio: kila Mwislamu huelekea Makka mara tano kwa siku. Mwaka 1961, mwaka ule ule Al-Azhar ilipogeuzwa, Wasaudia walifungua Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Madina, na kikapokea vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Misri na Saudia zilipambana hata kwa silaha huko Yemen baada ya mwaka 1962, kila mmoja akiunga mkono upande wake. Wako wapi hapo "Waarabu" wa vitabuni?

Libya ni jirani wa Misri, lakini ilikuja kwa sura nyingine kabisa. Muammar Gaddafi alipompindua Mfalme Idris mwaka 1969 alijiona mwanafunzi wa Nasser; hata hivyo alipiga pombe marufuku, na mwaka 1977 akatangaza Kurani kuwa sheria ya jamii. Wakati huo huo aligombana na wanazuoni wa nchini mwake, kwa kuwa alitaka kuifasiri dini mwenyewe. Alikuwa na mafuta, na mafuta yalikuwa fedha. Idi Amin alimtembelea Tripoli mwezi Februari 1972. Mwezi uliofuata Waisraeli, waliokuwa wakifundisha jeshi lake, waliamriwa kuondoka Uganda. Mwezi Novemba mwaka huo Mfalme Faisal wa Saudia alizuru Uganda. Mwaka 1974 Uganda, ambayo Waislamu wake ni wachache, ikaingia katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu.

Hapa hatuna budi kupanda kutoka Jinja kwenda Mbale. Maji yanayoteremka genge la Wanale huingia Namatala, yakapita mjini, yakaishia upande wa Ziwa Kyoga, nayo Kyoga iko chini ya bwawa la Jinja. Vipimo vya mhandisi wa Misri havikuyahusu. Kilichoifunga Mbale na nchi za Kiarabu ni dini, na dini ilipima watu badala ya maji.

Karibu na Mbale, kilimani Nabugoye, waliishi Abayudaya, wafuasi wa Semei Kakungulu aliyeshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Hawakuwa Waisraeli, walikuwa wakulima wa huku huku, wenye majina ya huku huku. Urafiki wa Kampala na Tripoli ulipokolea, Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa; wengi waliingia Uislamu au Ukristo, wachache wakasali kwa siri. Ugomvi wa Mashariki ya Kati, ambao hata Waarabu wenyewe hawakuwa na kauli moja juu yake, ulitua juu ya watu wasiowahi kuiona bahari.

Kwamba hawakuwa na kauli moja kulidhihirika upesi. Mwezi Julai 1977 Misri na Libya zilipigana mpakani kwa siku nne. Mwezi Novemba Anwar Sadat alikwenda Yerusalemu. Mwezi Machi 1979 askari wa Libya walikuwa Lukaya wakimpigania Amin dhidi ya Watanzania. Tarehe 26 ya mwezi huo huo Sadat alitia sahihi mkataba wa amani na Israeli. Nchi kubwa kuliko zote za Kiarabu kwa idadi ya watu ilikuwa inapatana na Wayahudi, na Nabugoye watu bado walikuwa wakifunga mlango ili wasali. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, na Jinja ikafuata tarehe 22, bwawa likiwa zima. Amin alikimbilia Libya kwanza, kisha Saudia, akafia Jeddah mwaka 2003.

Zawadi moja ya mwaka 1974 ilichelewa lakini ikafika. Mkutano wa Jumuiya ya Kiislamu mjini Lahore uliamua vijengwe vyuo vikuu viwili Afrika, kimoja Niger, kingine Uganda. Kile cha Uganda kilifunguliwa Nkoma, Mbale, mwezi Februari 1988, miaka 9 baada ya Amin kuondoka. Hufundisha Kiarabu na elimu ya dini, na hufunza walimu wa masomo ya kawaida. Hupokea pia wasio Waislamu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema wazi kwamba nchi haitakuwa na dini ya dola, na chuo kimekaa chini ya katiba hiyo bila matata. Abayudaya nao walikwisha kufungua milango yao tangu mwaka 1979.

Jinja, maji yanaendelea kubishaniwa. Mwezi Mei 2010 Uganda na jirani zake walitia sahihi mjini Entebbe maafikiano mapya juu ya Nile, na yameanza kutumika mwezi Oktoba 2024. Misri imekataa kutia sahihi, kwa hoja zile zile za mwaka 1929.