Dracula ya 1992: Fedha Nyingi, Ufundi wa Kale

Riwaya ya Dracula, iliyoandikwa na Bram Stoker na kuchapishwa London mwezi Mei 1897, imegeuzwa filamu mara nyingi kuliko riwaya nyingine yoyote ya kutisha, isipokuwa labda Frankenstein ya Mary Shelley, na hata hivyo kwa miaka mingi watazamaji walimjua mhusika wake mkuu bila kuijua riwaya yenyewe. Filamu iliyoongozwa na Francis Ford Coppola, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Novemba 1992, ilidai kuirekebisha hali hiyo tangu kwenye jina lake, kwa kumtangaza Dracula kuwa ni wa Bram Stoker. Dai hilo lina ukweli, ila ukweli wake hauko mahali ambapo matangazo ya biashara yaliuweka. Kwa upande wa hadithi, filamu iliongeza jambo kubwa ambalo Stoker hakuliandika. Kwa upande wa ufundi, ilirudi kwenye mwaka ambao kitabu kilitoka kwa ukaribu ambao filamu zilizoitangulia hazikuujaribu.

Riwaya za kutisha za aina hii huitwa za Kigothi, jina linalotokana na mtindo wa majengo ya Ulaya ya zama za kati, kwa sababu matukio yake huwekwa katika makasri yaliyochakaa, makanisa mabovu na makaburi, ambamo maovu ya kale hukataa kufa na hurudi kuwaandama walio hai. Mkondo huo ulianzishwa na Horace Walpole mwaka 1764, na Stoker alipoufikia ulikuwa umeshazeeka. Alichokifanya yeye ni kuuingiza katika dunia ya mitambo. Wahusika wake hutumia simu za maandishi, mashine za kupiga chapa, kamera ya Kodak na fonografu, yaani mashine iliyonasa sauti kwenye silinda ya nta, na kitabu kizima kimejengwa kwa shajara, barua na vipande vya magazeti, kana kwamba ni jalada la ushahidi. Kabaila Dracula, mwenye ardhi na kasri katika milima ya Transylvania, anapambana na watu wenye ratiba za gari moshi.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki huenda akamfikiria mumiani, lakini ulinganisho huo una mpaka wake. Mumiani wa uvumi ulioenea Kenya, Tanganyika na Uganda wakati wa ukoloni ni mtu hai, aghalabu mwenye ajira na vifaa vya kazi, anayedaiwa kuwakamata watu usiku ili damu yao ikafanywe dawa, na ndiyo maana hata wazimamoto walihofiwa kwa kisa hicho hicho. Mnyonya damu wa Ulaya ni maiti isiyooza. Hana mwajiri wala soko, na damu anayoitafuta ndiyo chakula chake.

Stoker, aliyezaliwa Dublin mwaka 1847, alikuwa mtu wa tamthilia kabla ya kuwa mtu wa riwaya. Kuanzia 1878 alikuwa meneja wa ukumbi wa Lyceum jijini London, chini ya mwigizaji mashuhuri Henry Irving, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba hadithi inayouzika kitabuni inaweza kuibwa jukwaani. Kwa hiyo tarehe 18 Mei 1897, siku chache kabla ya kitabu kutoka, alipanga riwaya yake isomwe Lyceum kwa mfumo wa mchezo wa kuigiza, lengo likiwa si kuwaburudisha watu bali kuilinda haki ya kuiigiza kisheria. Haki za riwaya zilihitaji kutetewa tena baada ya kifo chake cha 1912. Mwaka 1922 kampuni ya Prana ya Ujerumani ilitoa filamu ya Nosferatu, iliyoongozwa na F. W. Murnau, ikiwa imebadilisha majina ya wahusika lakini haikuomba ruhusa. Mjane wa Stoker, Florence, aliishtaki, kampuni ikafilisika, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Baadhi ya nakala ziliponea nje ya nchi. Imani iliyoenea leo, kwamba jua humwangamiza mnyonya damu, ilitokana na filamu hiyo iliyohukumiwa kufa, kwa kuwa Dracula wa Stoker hutembea London mchana bila kudhurika, nguvu zake tu ndizo zinazopungua.

Njia halali ya kuifikia sinema ilipita jukwaani. Hamilton Deane aliiigiza riwaya Uingereza mwaka 1924, John L. Balderston akaiandika upya kwa ajili ya Broadway mwaka 1927, na hapo Bela Lugosi, mzaliwa wa Hungaria, akaupata uigizaji uliomtambulisha hadi kaburini. Mavazi rasmi ya jioni na joho lenye kola ndefu, ambavyo kila mtoto huvitambua, havimo katika riwaya, ambayo humwonyesha mzee mwenye masharubu anayezidi kuwa kijana kadiri anavyoshiba damu. Kola ilirefushwa kwa sababu ya hila ya jukwaani: mwigizaji aliwapa watazamaji mgongo, kichwa chake kikafichika, naye akatumbukia katika mlango wa sakafuni huku wenzake wakibaki wameshika joho tupu. Kampuni ya Universal ililipa dola 40,000 kwa haki zote, na filamu ya Tod Browning ikazinduliwa New York mwezi Februari 1931, huku kundi jingine likitumia mandhari yale yale usiku kutengeneza toleo la Kihispania, ambalo kwa harakati za kamera ni bora kuliko la Kiingereza. Filamu ya Uingereza ya mwaka 1958, iliyoongozwa na Terence Fisher na kuigizwa na Christopher Lee, iliongeza rangi na damu nyekundu. Hakimiliki ya kitabu ilipokwisha Uingereza mwaka 1962, miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kila mtayarishaji alikuwa huru kumtumia kabaila huyo atakavyo, na wengi walimtumia vibaya.

Muswada ambao hatimaye ulifika kwa Coppola uliandikwa na James V. Hart na ulikusudiwa kwanza kuwa filamu ya televisheni. Mwigizaji Winona Ryder, ambaye alikuwa amejitoa katika sehemu ya tatu ya The Godfather, ndiye aliyempelekea Coppola muswada huo, na mwongozaji akaona ndani yake wahusika ambao filamu za awali zilikuwa zimewafuta au kuwachanganya: wanaume wote 3 waliomposa Lucy, msichana anayegeuzwa kuwa mnyonya damu, akiwemo Mmarekani Quincey Morris ambaye kisu chake ndicho kinachomalizia kazi katika riwaya. Coppola hakuwa katika hali ya kuaminiwa kirahisi, kwani filamu yake ya mwaka 1982, One from the Heart, ilimwachia madeni yaliyomfuata kwa miaka mingi, na wenye fedha wa Hollywood walihofia kwamba akipewa bajeti angeizidi. Kampuni ya Columbia ilitoa takriban dola milioni 40. Badala ya kusafiri Rumania, alipiga karibu filamu nzima ndani ya studio jijini Los Angeles, akiamua kwamba fedha ziende kwenye mavazi kuliko kwenye majengo, na kwamba waigizaji watembee katikati ya giza wakiwa wamevaa mandhari yao wenyewe.

Uamuzi wa pili ndio unaoipa filamu nafasi yake katika historia ya ufundi. Wataalamu wa athari maalumu walioajiriwa mwanzoni, yaani mafundi wanaotengeneza picha za mambo yasiyowezekana, walishauri kompyuta zitumike, ambazo wakati huo zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia Hollywood. Coppola aliwaondoa na kumkabidhi kazi mwanawe, Roman, aliyezaliwa 1965. Sharti lilikuwa kwamba hila zifanyike kadiri iwezekanavyo ndani ya kamera yenyewe, kwa njia ambazo Georges Méliès, mfanya mazingaombwe wa Paris aliyegeukia filamu mwaka 1896, angezitambua. Panya wanaotembea kichwa chini juu ya boriti walipatikana kwa kurudisha nyuma ukanda uleule wa filamu na kuupitisha katika kamera mara ya pili, huku kamera ikiwa imegeuzwa. Lucy anaporudi ndani ya jeneza lake kwa mwendo usio wa kibinadamu, mwigizaji Sadie Frost kwa hakika alitoka jenezani, na picha ikaonyeshwa kinyumenyume. Gari moshi linalompeleka wakili kijana Jonathan Harker mashariki, kwenye kasri la Dracula, ni la mfano mdogo linalopita juu ya kurasa za shajara iliyotengenezwa kwa ukubwa usio wa kawaida, na moshi wake unatupa kivuli juu ya mwandiko. Kivuli cha Dracula, kinachonyoosha mikono kabla bwana wake hajanyoosha yake, kilichezwa na mtu mwingine aliyekuwa nyuma ya kitambaa chenye mwanga. Hata mtaa wa London ambamo kabaila anamwona Mina, mchumba wa Harker, kwa mara ya kwanza ulipigwa kwa kamera ya kale ya Pathé iliyozungushwa kwa mkono, ndiyo maana watu wanatembea kwa mruko na mwanga unapepesa.

Hila hizi hazikuwa kiburi cha fundi. Ndugu Lumière walionyesha filamu zao kwa malipo Paris mwezi Desemba 1895 na London mwanzoni mwa 1896, kwa hiyo sinema na Dracula ni rika moja, na filamu yenyewe inalitamka jambo hilo inapompeleka kabaila na Mina kwenye maonyesho ya picha zinazotembea. Mtu aliyekufa anayeonekana akitembea ukutani kwa nguvu ya mwanga ni maelezo yanayomfaa mnyonya damu na yanayoifaa filamu, na sehemu hiyo fupi ina fikra nyingi kuliko mapenzi yote yanayoizunguka.

Mapenzi hayo ndiyo udhaifu wa dai la uaminifu. Filamu inafungua mwaka 1462 kwa Vlad, mtawala wa Wallachia ambaye Stoker alichukua jina la ukoo wake bila kujua mengi kumhusu, na kumfanya Mina kuwa mke wake wa kale aliyezaliwa upya. Katika riwaya hakuna mke huyo. Mina anamwogopa Dracula, na huruma anayomwonea mwishoni ni ya Kikristo. Wazo la mke aliyezaliwa upya halikuwa hata jipya, kwa sababu filamu ya televisheni ya Dan Curtis ilikuwa imelitumia karibu miaka 20 kabla, Jack Palance akiwa Dracula. Katika filamu ya Coppola, Gary Oldman, anayemwigiza Dracula, anaubeba uzito wa mapenzi hayo kwa ustadi, tofauti na Keanu Reeves, anayemwigiza Harker, ambaye lafudhi yake ya Kiingereza cha London ilichekwa tangu wiki ya kwanza.

Kifedha filamu ilifanikiwa, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani kote. Katika sherehe za Oscar za Machi 1993 ilipata tuzo 3: ya mavazi, aliyopewa Eiko Ishioka wa Japani kwa kazi zikiwemo deraya nyekundu inayofanana na misuli iliyochunwa ngozi, ya vipodozi na ya uhariri wa sauti. Kwa hila zake za kamera haikuteuliwa hata kushindania. Tuzo ya athari za picha mwaka huo ilikwenda kwa Death Becomes Her, filamu iliyosifiwa kwa kompyuta zake.